Sahani ya Pili ya Sajenti

Kilichomshangaza Coleta hakikuwa mbwa. Mbwa alikuwa mbwa tu: mweusi, mzito, sikio moja limeraruliwa zamani katika ugomvi, jina lake Sajenti. Kilichomshangaza ni sahani. Rozina alizitoa mbili kwenye mfuko, akazipanga chini mbele ya jiko la Coleta, moja bati lililobonyea, nyingine sahani nzito yenye maua mekundu na ukingo wa buluu, ya aina ile wanayoitoa watu padri akija kubariki nyumba.

"Hili bati ni lake," Rozina alisema. "Na hii ya maua uiweke pembeni yake. Zote mbili, Mama Jeni. Ugali wa ulezi, na mboga isiyotiwa chumvi. Ukishaweka, ondoka. Usisimame kuangalia."

"Mbwa mmoja, sahani mbili?"

"Ndivyo tulivyomzoesha."

"Haya. Na maji?"

"Maji hata kwenye kopo. Lakini sahani usisahau, dada. Hata siku moja."

Coleta alitaka kuuliza zaidi, ila mwalimu Wilibrodi, mume wa Rozina, alikuwa ameshakaa kwenye bajaji na mabegi magotini, akitazama barabara. Shule zilikuwa zimefungwa, wanakwenda kijijini Kate kwa mama yake Rozina kwa likizo ya Krismasi. Huko kuna mbuzi, na Sajenti na mbuzi hawaelewani. Ndivyo walivyosema. Coleta akapokea kamba ya mbwa kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo, kama alivyolelewa kupokea kitu chochote, na Rozina akaiachia upesi mno.

Pale mtaani kwao, ukingoni mwa Sumbawanga ambako mashamba ya mahindi yanaingia katikati ya nyumba, Rozina alikuwa na jina la uchoyo. Ufipani mtu anaweza kuiba kuku wako ukamsamehe. Lakini umkute anakula, usimame mlangoni pake, naye aendelee kutafuna bila kusema "karibu tule", hilo utalisimulia mpaka uzeeni. Kwa Rozina ilikuwa hivyo kila siku. Wakati wa kula mlango unafungwa, ukibisha unajibiwa kupitia dirishani. Ilianza baada ya mtoto wao wa pekee, Evans, kufariki. Mwanzoni watu walisema ni uchungu. Baadaye walichoka kumhurumia, wakamwita mchoyo.

Kwa Coleta mlango haukufungwa. Binti yake, Jenifa, wa darasa la kwanza, alikuwa na adabu mpaka inachekesha. Kuna siku alimkaribisha chakula fundi aliyekuwa juu ya paa akipigilia mabati, kisha akasimama chini na sahani yake, akimsubiri ashuke. Coleta aliisimulia habari hiyo kila alipopata nafasi. Mumewe, Isdori, alikuwa bonde la Rukwa akinunua mpunga, kwa hiyo malezi yalikuwa mikononi mwake, na aliyashika kwa bidii ya mtu aliyekwisha kuzika. Watoto wawili waliomtangulia Jenifa hawakufikisha mwaka. Huyu ndiye aliyebaki.

Siku za mwanzo Coleta alifuata maagizo. Aliweka sahani zote mbili, akaondoka. Akirudi na kuni anazikuta zote tupu, na Sajenti amelala kando ya bati lake, akiitazama ile ya maua. Jambo moja lilimkera: mbwa yule alikula akinguruma mwanzo hadi mwisho, meno nje, ingawa hakuna aliyemsogelea. Na alipolala aliacha nafasi upande mmoja, kama mtu anayelala kitanda kimoja na mgeni.

Basi, mtu ni mtu. Nyumbani kwa Coleta watu walikula kwenye plastiki, na mbwa wa jirani anakula kwenye sahani ya maua. "Watu wengine wana mambo," alijisemea. Akaichukua sahani ile, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akampa Jenifa, aliyeipenda papo hapo. Mbwa akabaki na bati lake na makombo ya ugali wa mahindi na maharage ya chumvi, kama mbwa wengine wote wa mjini.

Mchana huo mvua ilikuwa imekatika na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Jenifa alikula jikoni, amekaa kwenye kigoda. Coleta alikuwa barazani akichambua uyoga, na Sajenti alisimama kizingitini, manyoya ya mgongo yamesimama, hataki kuingia.

"Karibu tule," Jenifa alisema ndani.

Coleta akajifuta mikono, akainuka kumsalimu mgeni. Hapakuwa na mtu.

"Unamkaribisha nani, Jeni?"

"Huyo aliyesimama hapo kwenye kuni. Alikuwa anaangalia sahani yangu tu." Mtoto alisogea kidogo kwenye kigoda, akaacha nafasi. "Sasa amekaa."

Coleta alicheka. Watoto na michezo yao. Akarudi kwenye uyoga wake, na hapo akasikia mtu anatafuna, taratibu, kwa mdomo mpana na mlegevu, kisha akasikia Jenifa naye anatafuna, haraka haraka, kama anayeogopa kumaliziwa. Ikaja harufu, ya chungu kilichofunikwa siku nyingi na mabaki ndani. Alilaumu mvua.

Tangu siku hiyo Jenifa hakushiba. Alimaliza sahani, akaomba tena, akamaliza, akalala njaa. Mabega yakatokeza. Kabla ya wiki kuisha gauni lake lilimning'inia mwilini. Kwenye zahanati walimpima malaria, hana, wakampa dawa ya minyoo na kumwambia mama amzidishie uji. Coleta alizidisha uji. Alichinja jogoo. Alikaa mbele ya mwanawe na kuhesabu kila tonge kwa macho, na ndipo alipoona kwamba wakati Jenifa anamega upande wake, upande wa pili wa ugali nao unabonyea wenyewe, unafanya alama ya vidole vinne vyembamba na virefu kuliko kiganja cha mtu yeyote aliyewahi kupeana naye mkono, kisha kipande kinaondoka na hakionekani kinakokwenda, na baada ya kitambo kidogo inakuja ile sauti ya kutafuna, taratibu, karibu kabisa na sikio la mtoto.

Aliinyakua sahani, akaitupa mlangoni.

"Mama!" Jenifa alilia. "Mama, ana njaa!"

"Nani? Jeni, niambie, nani?"

Mtoto alishusha sauti. "Hataki nikwambie. Anasema wewe hukumpa chakula chake."

Coleta alielewa nusu, na nusu hiyo ilitosha. Alisonga ugali wa ulezi, akachemsha mboga bila chumvi, akaijaza sahani ya maua na kuiweka pale pale alipoonyeshwa na Rozina. Sajenti aliinusa, akarudi nyuma, akainua kichwa na kutoa mlio mrefu uliowafanya majirani wachungulie. Chakula kilibaki hapo mpaka kikakauka. Hata sisimizi hawakukisogelea. Alipiga simu ya Rozina, haipatikani. Ya mwalimu, haipatikani. Aliomba rozari nzima amemkumbatia mwanawe, na katikati ya Salamu Maria alimsikia Jenifa, usingizini, akisema kwa upole, "Karibu. Karibu tule."

Kulipokucha alimfunga Jenifa mgongoni kwa khanga kama mtoto mchanga, akapanda basi la Namanyere, akashuka njiani na kumalizia kwa bodaboda. Ndani ya basi alimnunulia andazi. Jenifa aling'ata upande mmoja. Coleta alikuwa akiliangalia andazi lile wakati upande wa pili ulipotoka kipande, duara kubwa, meno yamepangana vibaya, na mama mmoja aliyeketi kiti cha jirani akahamia mbele bila kusema kitu. Coleta hakupiga kelele, angemwita nani? Alimkumbatia mtoto tu, akamwomba Mungu amfikishe Kate.

Kwao Rozina walikuwa wanakula nje, wameizunguka sinia moja, watu wengi, wanacheka. Rozina alikuwa katikati yao, mdomo umejaa, uso umenawiri kuliko Coleta alivyowahi kuuona. Aliponyanyua macho na kumwona Coleta, na alichobeba mgongoni, mkono wake ulikwama hewani.

"Jamani mgeni!" mama yake Rozina alisema kwa furaha, akimsogezea kigoda. "Karibu, mwanangu, karibu t..."

"Mama, nyamaza!" Rozina alipiga ukelele, akamziba mzee mdomo kwa mkono wenye mchuzi. Watu wote waliduwaa. Yeye alimshika Coleta mkono, akamvuta mpaka nyuma ya kihenge cha mahindi, na huko wakaongea kwa kunong'ona.

"Ulimpa mtoto sahani," Rozina alisema.

"Nilimpa. Nilidhani... Dada, ni sahani nzuri. Nilidhani unamdekeza mbwa tu."

"Akakaribisha."

"Nimemfundisha mwenyewe. Ni nini hicho? Niambie ni nini."

Rozina alikaa chini, mgongo kwenye mianzi. "Jina lake hatulijui. Mganga wa upande wa Mwimbi alisema ni jini la njaa. Haliingii kwenye chakula cha mtu mpaka likaribishwe. Evans alilikaribisha. Alikuwa na adabu, Evans, kama huyu wako. Lilikula naye mpaka akaisha. Baada ya mazishi mganga akalifunga kwa mbwa, ili lile kwenye sahani yake kando ya mbwa, kwa sababu mbwa hamkaribishi mtu. Akila ananguruma. Likikaa pale linakula cha kwake tu, halipati zaidi. Chumvi hailifukuzi, inalichukiza tu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungempokea?"

Coleta alikaza fundo la khanga kifuani.

"Mwaka wa pili sasa sijasema neno hilo nyumbani kwangu," Rozina aliendelea, na machozi yakaanza kumtoka. "Nafunga mlango. Naitwa mchoyo. Nilitaka nije nile na mama yangu, Krismasi moja tu. Nikasema, Coleta ni mtu makini, nikimwambia sahani mbili ataweka mbili."

"Linatokaje, Rozina? Sikuja kukulaumu. Mtoto wangu ananiishia mgongoni. Linatokaje?"

"Haliachi sahani ya aliyelikaribisha mpaka likaribishwe kwingine. Halafu huyo wa pili alinyime. Alinyime kweli, kama mbwa: ale chini, uso ukutani, angurume, asimkaribishe binadamu yeyote hata awe nani. Na wote nyumbani mwake wasilitamke neno hilo. Likichoka litarudi pale lilipofungwa, lakini hata hapo msilitamke tena neno hilo, litalisikia."

"Mtoto mwenyewe hawezi kulinyima?"

"Tulimfundisha Evans. Mbele yetu alikataa. Tukigeuka, anamhurumia."

Upande wa pili wa kihenge watu walikuwa wameanza kula tena, kimya kimya. Coleta alimtazama jirani yake, akauliza swali ambalo hakutaka kuuliza.

"Na wewe hukulikaribisha kwako?"

Rozina alifunika uso kwa mikono. "Nilikuwa nalikaribisha kesho. Kila siku nilisema kesho."

Coleta alirudi Sumbawanga siku hiyo hiyo. Alisonga ugali, akampakulia Jenifa kwenye plastiki na kumweka barazani, akamwambia asigeuke hata akisikia nini. Kisha yeye akaingia jikoni, akakaa sakafuni, sahani ya maua mapajani, chumvi hakutia. Harufu ya chungu cha zamani ilikuwa barazani, kwa mtoto. Alikuwa mwoga, Coleta, mwoga hata wa vyura, na sasa alifungua mdomo.

"Karibu," alisema. "Wewe uliyeko kwa mwanangu. Karibu tule."

Halafu Sajenti, aliyekuwa uani, akaanza kulia chini chini, na harufu ile ikasogea, ikavuka kizingiti bila haraka, ikapita kando ya kuni na kando ya mtungi wa maji, ikamjia mpaka puani, na Coleta alihisi kigoda kilichokuwa pembeni yake kikielemewa, akasikia mbao zikilia, akaona ugali wake unabonyea kwa vidole vinne, akajilazimisha kumega upande wake na kutia mdomoni, akitafuna pamoja nalo, akimeza pamoja nalo, na kila alichomeza hakikufika popote, kilipotea kooni, na njaa iliyomwamkia tumboni haikuwa njaa ya siku moja wala ya mtu mmoja, ilikuwa njaa ya Evans na ya wote waliowahi kuwa na adabu kabla yake.

Barazani Jenifa alisema kwa mshangao, "Mama, nimeshiba."

Coleta alilia kwa furaha. Kisha akageuza uso ukutani, akaizungushia sahani mikono miwili na kunguruma.

Isdori aliporudi na mpunga wake alimkuta hivyo. Alielezwa yote, akaamini kidogo, akakasirika sana. "Umerukwa na akili, Mama Jeni," alisema. Lakini alimwona binti yake mashavu yakirudi, na mkewe akikonda kwa namna isiyo ya kawaida, akakubali, na neno lile nyumbani mwao likafutwa. Siku ya Krismasi mama yake Isdori alifika kutoka kanisani na shangazi wawili. Walisimama mlangoni wakisubiri, kama watu wanavyosubiri. Ndani, mkwe wao alikuwa sakafuni, mgongo kwao, anatafuna na kunguruma.

"Coleta," Isdori alinong'ona, sauti inakatika. "Mama yangu amesimama."

Hakugeuka. Aliujua mgongo wa mama mkwe wake ulivyouma kwa kusimama. Alijua habari hiyo ingefika mpaka Mwimbi kabla ya mwaka mpya. Machozi yalimdondokea kwenye ugali, nayo yalikuwa na chumvi, na kando yake kitu kikatema. Mama mkwe aliondoka bila kuaga. Tangu hapo hakuna aliyekuja, na mtaani Rozina alipata mrithi wa jina lake.

Kila siku Coleta aliijaza pia sufuria ndogo ya ulezi usio na chumvi, akaiweka kando ya bati la Sajenti, maana sahani ya maua ilikuwa mikononi mwake na hakuthubutu kuiachia. Kila siku sufuria ilibaki imejaa. Alinyima. Alinyima kwa moyo wake wote, hata pale njaa ilipomfanya aone giza akisimama. Mwishoni mwa Januari, asubuhi ya baridi, alimega tonge, akameza, na likafika tumboni. Aliweka mkono kwenye kitovu, asiamini. Akamega jingine. Alitoka hadi uani akitambaa, na huko Sajenti alikuwa anakula akinguruma, amejibana upande mmoja, na ile sufuria ndogo ilikuwa tupu, imelambwa mpaka inang'aa. Coleta aliibadilisha upesi, akaweka sahani ya maua mahali pake. Mchana nayo ililiwa. Na kesho yake. Na siku zilizofuata.

Rozina hakurudi kumchukua mbwa. Ilisikika mwalimu ameomba uhamisho. Coleta hakumlaumu, alikwishaelewa. Angemtunza Sajenti mpaka mmoja wao afe, angeweka sahani mbili kila siku, na mlango angefunga. Lakini hakuacha kula sakafuni, uso ukutani. Alihofia kuacha.

Siku moja mchana, mvua ikinyesha kwa upole, alikuwa amekaa hivyo, na ngurumo yake imebaki ndogo, ya mazoea tu. Akasikia nyayo. Jenifa, mnene sasa, mashavu yanang'aa mafuta, alikuja na sahani yake ya plastiki, akakaa chini kando ya mama yake, akamwegemea. Kwa muda mrefu alimtazama mama huyu aliyegeuka mbwa, anayekula peke yake, ambaye hakuna mtu anayemkaribisha. Alijua amekatazwa. Kwa hiyo alisogeza mdomo kwenye sikio la mama yake, ili asisikie mtu mwingine.

"Mama," alinong'ona, "wewe tu. Karibu tule."

Uani, Sajenti aliacha kula. Coleta aligeuka na kuchungulia mlangoni. Mbwa alikuwa amesimama, mkia umebanwa, akiitazama sahani ya maua, ambayo ilikuwa bado imejaa. Kisha akageuza kichwa taratibu, kufuata kitu kilichokuwa kinapita mbele yake, kikivuka uani kwenye mvua, kikija jikoni.

Jenifa akasogea kidogo, akaacha nafasi.